Unga Gani Uingie Kwenye Kolamu?



Mbegu ya mwarobaini ukiiponda na kuikamua hutoa mafuta machungu. Mafuta yakishatoka, mashudu yanayobaki bado yana kemikali nyingi zilizokaribiana sana kwa umbo, na mojawapo ni azadiraktini. Hiyo ndiyo inayomfanya nzige wa jangwani aliache jani lililonyunyiziwa na kubaki na njaa yake. Kiasi chake ndani ya mbegu hakifiki asilimia moja ya uzito. Mwaka 1968, Butterworth na Morgan, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Keele nchini Uingereza, waliitenga kwa mara ya kwanza wakiongozwa na nzige wenyewe: mafungu ya kemikali waliyoyapata yalijaribiwa kwa nzige, na fungu lililowakatisha nzige hamu ya kula ndilo lililofuatwa.

Jioni hii nazungumzia kifaa kinachowezesha kazi ya namna hiyo, yaani kolamu ya kromatografia, na hasa uamuzi unaotangulia matumizi yake: unga gani ujazwe ndani, na kiyeyushi gani kimiminwe juu. Nalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu ni letu. Vyuo vya Afrika Mashariki vimejikita katika kemia ya mimea kwa miongo kadhaa. Mtandao wa NAPRECA, unaowaunganisha watafiti wa kemia ya viumbe hai wa mashariki na kati ya Afrika, ulianza mwaka 1984. Pale Muhimbili kuna taasisi nzima ya dawa za asili. Vijana wetu wanaingia maabara na magunia ya magome, mizizi na majani, na sehemu kubwa ya kazi yao huamuliwa ndani ya bomba la kioo. Muulize mmoja wao kwa nini ametumia unga alioutumia. Mara nyingi atakujibu kwamba ndio uliokuwepo, au ndio uliotumiwa na aliyemtangulia. Jibu hilo linanihuzunisha. Naamini ziko kemikali zenye manufaa zilizopotea njiani kwa sababu hiyo tu.

Tuanze na jinsi kolamu inavyofanya kazi. Ni bomba la kioo lililosimamishwa wima, lenye koki chini. Ndani hujazwa unga laini. Mchanganyiko unaotaka kuutenganisha huwekwa juu ya unga huo kama tabaka jembamba, kisha kiyeyushi humiminwa na kushuka kwa uzito wake chenyewe au kwa kusukumwa na hewa. Muda wote wa safari, kila kampaundi iko katika hali mbili kwa kupokezana: ama imeushika unga na kusimama, ama imo ndani ya kiyeyushi na inatembea.

Fikiria watu wawili wanaoingia pamoja Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku ya Jumamosi. Mmoja hamjui mtu. Umati unambeba hadi anatokea upande wa pili. Mwingine ana jamaa kila kibanda, na kila hatua anasimama kusalimiana. Umati ni ule ule, mtaa ni ule ule, lakini watatoka kwa saa tofauti. Ndivyo zinavyoachana kampaundi mbili ndani ya kolamu, na ndiyo maana kuchagua unga ni kuamua nani asimamishwe na nani aachwe apite.

Unga unaotumika kuliko wote ni silikajeli. Unaifahamu hata kama hujawahi kuingia maabara: ni zile punje zilizo ndani ya vipakiti vidogo kwenye maboksi ya viatu vipya, zinazonyonya unyevu. Uso wa silikajeli umejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyozivuta molekuli zenye upande chanya na upande hasi wa umeme, zile ambazo wanakemia huziita polari. Kwa hiyo mafuta na nta, zisizo na pande hizo, hupita haraka. Kemikali zenye oksijeni nyingi huchelewa. Sukari hung'ang'ania mpaka umimine kiyeyushi kikali, kama methanoli, ndipo ziachie. Silikajeli ni nafuu, inapatikana, na inafaa kwa kazi nyingi sana. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuichukua kabla hujaiuliza kampaundi yako kama itaistahimili.

Historia yenyewe ya kromatografia ina funzo zito kuhusu hilo. Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea ambaye baba yake alikuwa Mrusi na mama yake Mwitalia, alizaliwa Asti, Italia, mwaka 1872. Mwaka 1903, akiwa Warsaw, alieleza mbele ya chama cha wanasayansi wa mji huo jinsi alivyozitenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye unga. Hakuokota unga wa kwanza aliouona. Alikuwa amejaribu aina zaidi ya mia moja. Kwa rangi za majani alipenda zile za upole, kama vile kalisi kaboneti, yaani chaki, kwa sababu klorofili ni kemikali dhaifu na inaharibika upesi. Ndani ya bomba lake kijani cha jani kiligawanyika kuwa mikanda: kijani chenye ubuluu, kijani chenye umanjano, na manjano za aina mbalimbali. Mwaka 1906 aliichapisha njia hiyo kwa Kijerumani na kuipa jina tunalolitumia hadi leo.

Baadaye Richard Willstätter, mwanakemia mkubwa wa Ujerumani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya rangi za mimea, alijaribu na mwenzake Arthur Stoll kurudia majaribio ya Tsvet. Walitumia unga mkali mno. Klorofili ikavunjika ndani ya kolamu, wakapata vitu ambavyo havikuwa ndani ya jani tangu mwanzo, na wakaitangaza njia hiyo kuwa si ya kuaminika. Kwa heshima waliyokuwa nayo, neno lao lilitosha. Tsvet alifariki mwaka 1919 bila kuuona ushindi wake. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1931, pale Heidelberg, ambapo Richard Kuhn, aliyekuwa mwanafunzi wa huyo huyo Willstätter, akiwa na Edgar Lederer na wenzao, alirudi kwenye kolamu na kuzitenganisha karotini zilizodhaniwa kuwa kitu kimoja. Karibu robo karne ilipotea. Bomba la kioo halikuwa na kosa, wala kiyeyushi. Ulikuwa ni unga usiofaa kwa kampaundi ile.

Sasa, mtu atajuaje unga unaofaa kabla ya kumwaga gramu zake zote chache ndani ya kolamu? Kwa kibao. Kibao ni kipande cha kioo au cha karatasi ya alumini kilichopakwa tabaka jembamba la unga ule ule utakaotumika kwenye kolamu. Unaweka tone dogo la mchanganyiko karibu na ukingo wa chini, unakisimamisha ndani ya glasi yenye kiyeyushi kidogo, unafunika, na kiyeyushi kinapanda chenyewe. Dakika chache baadaye una madoa. Mengi hayaonekani kwa macho. Unayaangalia chini ya taa ya urujuanimno, au unakiweka kibao kwenye chupa yenye chembe za iodini mpaka madoa yageuke kahawia.

Kisha unapima. Kama kiyeyushi kimepanda sentimita 6 na doa limepanda sentimita 2.1, unagawanya na kupata 0.35. Namba hiyo wanakemia huiita Rf. Nimeichagua makusudi, kwa sababu ndiyo iliyopendekezwa na W. Clark Still na wenzake wawili, Kahn na Mitra, wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika makala yao ya mwaka 1978 ambayo mpaka leo naona ni miongoni mwa makala zenye manufaa makubwa zaidi kwa mtu wa maabara. Kabla yao, kolamu ya uzito wa kawaida ilikula nusu siku au zaidi. Wao walitumia silikajeli laini zaidi, yenye punje za mikromita 40 hadi 63, wakasukuma kiyeyushi kwa hewa ili kishuke sentimita 5 hivi kwa dakika, na kazi ikaisha kwa dakika 10 hadi 15.

Lakini kilichonipendeza zaidi ni kwamba walitoa vipimo. Unga ujazwe hadi sentimita 15. Kiyeyushi kichanganywe mpaka doa unalolitaka likae kwenye 0.35 ya kibao. Ukubwa wa bomba ufuate uzito wa mchanganyiko na umbali kati ya madoa: kwa bomba la kipenyo cha milimita 10, kama madoa yameachana kwa 0.2 au zaidi, pakia miligramu 100. Kama yameachana kwa 0.1 tu, punguza mpaka 40. Kwa bomba la milimita 50, ni gramu 2.5 au gramu 1. Ukiangalia vizuri, kipenyo kikiongezeka mara 5, uzito unaongezeka mara 25, kwa kuwa kinachobeba mzigo ni eneo la duara, wala si urefu wa bomba. Mwanafunzi anayerefusha kolamu badala ya kuipanua hutumia kiyeyushi kingi na kupata faida ndogo.

Hivyo basi kibao kinakuambia kiyeyushi. Kinaweza pia kukuambia jambo zito zaidi: kama kampaundi yako inaistahimili silikajeli. Jaribio lake ni rahisi mno na halifanywi vya kutosha. Chukua kibao cha mraba. Weka tone moja kwenye kona. Pandisha kiyeyushi, kausha kibao, kisha kiache mezani saa mbili au tatu. Baada ya hapo kigeuze robo duara na upandishe kiyeyushi kile kile upande wa pili. Kampaundi ambazo hazikuguswa zitajipanga kwenye mstari wa mshazari kutoka kona hadi kona. Doa lolote lililotoka nje ya mstari huo ni kitu kilichozaliwa juu ya silikajeli wakati wewe unasubiri. Ukiliona, usipakie. Jaribio hili lingefanywa na Willstätter, kama lingekuwepo wakati huo, lingemwonyesha mara moja tatizo liko wapi.

Kwa nini silikajeli iharibu? Kwa sababu ina uasidi kidogo. Kwa kampaundi nyingi uasidi huo hauna madhara. Kwa nyingine ni balaa. Angalia kwinini, inayotoka kwenye magome ya mikwinini iliyopandwa Kivu, kule Kongo, tangu enzi za Wabelgiji. Kwinini ni besi. Ukiiweka kwenye silikajeli tupu na kiyeyushi cha kawaida, doa lake huacha mkia mrefu, na ndani ya kolamu mkia huo unachafua kila fungu linalofuata. Dawa yake ni kuongeza triethilamini au amonia kidogo kwenye kiyeyushi, asilimia moja hivi, ili besi hiyo ijaze zile sehemu zenye asidi kabla kwinini haijafika. Njia nyingine ni kuacha silikajeli kabisa na kutumia unga mwingine, alumina yenye ubesi.

Ila alumina hiyo nayo ina wateule wake. Chukua pareto, zao la nyanda za juu za Kenya na za Tanzania. Kemikali zake 6 zinazoua wadudu zote ni esta, na esta huvunjwa na besi. Anayehamisha kanuni ya kwinini na kuitumia kwa pareto anajitafutia hasara. Hapo ndipo ninapokataa vitabu vya maelekezo vinavyosema "kolamu ya dawa za mimea" kana kwamba mimea yote ni mmoja.

Kuna pia kundi la kemikali ambazo haziharibiki kwenye silikajeli bali hazitoki. Magome ya mikoko, yale yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka pwani yetu kwa ajili ya kutengenezea ngozi, yamejaa tanini. Tanini zina vikundi vingi vya oksijeni na haidrojeni kiasi kwamba zikishaishika silikajeli hubaki humo zikiwa mkanda wa kahawia juu kabisa ya kolamu, na mtafiti anaishia kuzitupa pamoja na unga. Kwa hizi, chaguo langu bila kusita ni Sephadex LH-20, inayolowekwa kwenye methanoli ikavimba. Sephadex ya kwanza ilitangazwa mwaka 1959 na Jerker Porath na Per Flodin wa Uppsala, Sweden, na kazi yake ilikuwa kutenganisha kwa ukubwa: molekuli ndogo huingia kwenye vitundu vya punje na kuchelewa, molekuli kubwa hazipati pa kuingia na kutangulia kutoka. LH-20 ni ndugu yake anayekubali viyeyushi vya kioganiki. Tanini huishikilia kwa kiasi lakini huiachia. Ni ghali. Lakini ukiitunza vizuri, ukaisafisha kila baada ya kazi, inatumika tena na tena, na katika maabara ya mimea ni mkono wa kuume wa kuondolea klorofili.

Kwa kemikali zinazopenda maji, kama saponini zinazotoa povu na zile zilizoshikamana na sukari, kuna njia iliyogeuzwa kichwa chini. Unga ni silikajeli ile ile, lakini uso wake umevikwa minyororo ya kaboni 18, hivyo umekuwa wa mafuta, huitwa C18. Kiyeyushi ni maji yaliyochanganywa na methanoli au asetonitrili. Mpangilio wa kutoka unapinduka: zinazopenda maji hutangulia, zenye mafuta huchelewa. Faida yake kubwa kwa kemikali dhaifu ni kwamba ile asidi ya uso wa silikajeli imefunikwa kwa sehemu kubwa. Hasara yake ni bei, na kazi ya kuyakausha maji mwishoni.

Protini na asidi amino zina ulimwengu wao: kolamu za kubadilishana ayoni, zinazokamata kwa chaji ya umeme, na zile zinazotumia kitu kinachojulikana na protini moja tu ili kuinasa hiyo peke yake. Viwanda vya chanjo na vya dawa za kingamwili vimesimama juu ya hizo. Zinastahili jioni yake nyingine.

Turudi kwenye mwarobaini, tuone uamuzi unavyoenda kwa vitendo. Umeponda mbegu. Hatua ya kwanza haihitaji kolamu kabisa: osha kwa heksani mpaka mafuta yote yaondoke. Mafuta ni mengi, na ukiyapeleka kwenye kolamu yatatandaa ndani na kubeba kila kitu pamoja nayo. Watu wanaodharau kuosha, kuchuja na kufuwelisha hutumia kolamu kusafisha uchafu ambao chupa mbili za kiyeyushi zingeumaliza. Mashudu yaliyooshwa sasa yalowekwe kwenye methanoli. Azadiraktini itatoka, pamoja na nduguze nimbini na salanini.

Unajua nini kuhusu hizi tatu? Azadiraktini ina atomi 16 za oksijeni kwenye molekuli moja, wakati wenzake wana chache zaidi. Hapo una tofauti ya kupendwa na silikajeli, na kibao kitakuthibitishia: nimbini na salanini zinapanda juu, azadiraktini inabaki chini. Unajua pia kwamba azadiraktini haipendi asidi kali, haipendi besi, haipendi mwanga wa jua. Kwa hiyo silikajeli inafaa, kwa masharti: itumike kwa kasi, kwa njia ya Still, dakika chache na si usiku kucha, mafungu yakae kwenye chupa za kahawia, na ukikausha kiyeyushi, ukaushe kwa pampu bila joto kali. Utapata fungu lenye azadiraktini kwa wingi, lakini halijawa safi, kwa sababu ziko azadiraktini zaidi ya moja, na A na B zimekaribiana mno kwa silikajeli. Hapo ndipo unabadilisha unga na kwenda C18, kwa maji na methanoli au asetonitrili, na zinaachana. Unga mmoja unatenganisha kwa tabia moja. Unga wa pili kwa tabia nyingine. Kupitisha mchanganyiko ule ule kwenye silikajeli mara tatu mfululizo, jambo ninaloliona mara kwa mara kwenye tasnifu, ni kuuliza swali lile lile mara tatu.

Umbo kamili la azadiraktini lilijulikana mwaka 1985, miaka 17 baada ya kutengwa, na kuiunda upya maabara kulimchukua Steven Ley na kundi lake la Cambridge hadi mwaka 2007. Kazi yote hiyo ilitegemea kuwa na kampaundi safi mezani.

Kuna mambo ambayo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havitakuambia, na sisi tunayahitaji. La kwanza ni joto. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, pentani kwenye 36, diklorometani kwenye 40. Chumba kisicho na kiyoyozi mjini Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinakaribia viwango hivyo, na unga unapolowana na kiyeyushi hutoa joto lake pia. Matokeo yake ni mapovu ndani ya kolamu, na mapovu hupasua unga kuwa nyufa. Kampaundi zinapita kwenye ufa na kutoka zimechanganyika. Heksani inachemka kwenye 69 na ethili asetati kwenye 77. Kwa pwani, ningeanzia hapo kila mara, na etha ningeiacha kabisa, maana mvuke wake pia hushika moto upesi.

La pili ni unyevu. Silikajeli na alumina hunywa maji kutoka hewani, na kila maji yanavyoongezeka ndivyo nguvu yao ya kushika inavyopungua. Kwa alumina jambo hilo limepangwa kwa madaraja ya Brockmann: daraja la I halina maji, la II lina asilimia 3, la III lina 6, na kuendelea mpaka la V lenye 15. Kopo lililoachwa wazi Tanga wakati wa masika linashuka daraja bila mtu kujua. Kisha mtafiti wa Nairobi, kwenye hewa kavu, anajaribu kurudia kazi hiyo na Rf hazilingani, na kila mmoja anamshuku mwenzake. Fungeni makopo, kausheni vibao kwenye oveni kabla ya kutumia, na andikeni kwamba mmefanya hivyo.

La tatu ni afya. Heksani ikivutwa kwa muda mrefu huumiza mishipa ya fahamu. Diklorometani ina hatari kiasi kwamba Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 2024. Vumbi la silikajeli ni jepesi na linapepea. Halifai kuingia mapafuni. Mwanafunzi anayejaza kolamu nje ya kabati la kutolea hewa, eti kwa sababu feni yake imeharibika, asiruhusiwe kuendelea mpaka feni itengenezwe. Mkuu wa maabara anayemruhusu anabeba dhima.

Na kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kukiona kwenye kila tasnifu: uzito ulioingia na uzito uliotoka. Ulipakia gramu 2. Mafungu yote yakikaushwa na kupimwa pamoja yana gramu 1.3. Gramu 0.7 ziko wapi? Ama zimekwama, ama zimevunjika na kupotea. Na kama mchanganyiko wa mwanzo uliua vimelea lakini hakuna fungu hata moja linaloua, usikimbilie kusema kwamba kemikali zilikuwa zinasaidiana. Yachanganye tena mafungu yote kwa uwiano wake na ujaribu upya. Nguvu ikirudi, kweli zilikuwa zinasaidiana. Isiporudi, dawa imeachwa ndani ya unga au imevunjika humo, na mmea ule unahitaji kuanzwa upya kwa kolamu ya aina nyingine.

Nikiulizwa na mkuu wa idara mwenye fedha kidogo aanze kununua nini, simtajii mashine ya kusukuma kiyeyushi yenye skrini. Anunue vibao vya kutosha, ili kijana asione uchungu kutumia kumi kabla ya kupakia kolamu moja. Anunue taa ya urujuanimno. Anunue mabomba ya kioo ya vipenyo vitatu au vinne, ili mzigo ufuatwe na bomba badala ya bomba kuuamua mzigo. Fedha zikibaki, anunue LH-20 kidogo na kopo dogo la C18, na amkabidhi mtu mmoja dhamana ya kuzisafisha na kuzihifadhi. Mashine inaweza kuja mwaka ambao feni za makabati yote zinafanya kazi.